KIBAO KIMOJA, NAKALA NYINGI: SANAA YA KUCHAPA PICHA NA USHUHUDA WA HAKI

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Isevya, Tabora





Tumezoea kukutana ili kuzungumzia mirathi ya wajane, migogoro ya mashamba na haki za watoto. Leo tunawaletea mada ambayo huenda ikawashangaza baadhi yenu, nayo ni sanaa ya kuchapa picha kwa kibao kilichochongwa. Pengine mtauliza: Haki na Amani ina uhusiano gani na patasi na wino? Jibu letu ni fupi. Haki huanza pale jambo lililotendeka linapojulikana kama lilivyotendeka. Na katika historia ya dunia, na hasa ya njia hii yetu ya misafara, mara nyingi walioshika kalamu na patasi ni wale waliolitazama jambo kwa mbali; waliotendewa hawakuulizwa. Basi swali tunalotaka tulichukue wote leo ni hili: ni mkono wa nani unaochonga kibao?

1. Sanaa hii ni nini?

Zipo njia mbili kubwa za kazi hii. Njia ya kwanza ni kuchonga kwa kubakiza. Fundi huchukua ubao, kipande cha plaiwudi au mpira wa kutandikia sakafu, akachora picha yake juu, kisha kwa patasi na kisu akaondoa sehemu zote zinazotakiwa kubaki nyeupe. Kilichobaki kimeinuka hupakwa wino kwa rola. Karatasi hulazwa juu yake, husuguliwa mgongoni kwa kijiko cha mbao mpaka wino ushike, kisha hubanduliwa polepole. Njia ya pili ni kinyume chake. Bamba la shaba au la zinki hupakwa nta. Mchoraji hukwaruza mistari katika nta kwa sindano. Bamba hutiwa katika tindikali, nayo tindikali huila mistari ile peke yake. Wino huingizwa ndani ya mistari, juu hufutwa pakawa safi, na mashine yenye rola nzito huishindilia karatasi yenye unyevu mpaka iunyonye wino ule.

Katika njia zote mbili picha hutoka kinyume, kama sura katika kioo. Anayetaka karatasi isome HAKI hana budi kulichonga neno hilo kutoka kulia kwenda kushoto, na kila herufi imegeuka. Wala hakuna kufuta: mbao iliyokwisha kuondolewa hairudi. Kwa hiyo mchongaji hulazimika kufikiri kabla ya kukata.

Lakini sifa kubwa kuliko zote ni hii: kibao kimoja huzaa nakala nyingi. Mchoro wa rangi juu ya kitambaa ni mmoja, na atakayeupata ni mwenye fedha. Picha ya kibao yaweza kukaa katika nyumba hamsini kwa siku moja, na kila nakala ikawa halisi sawasawa na mwenzake.

Tusidhani kwamba jambo hili ni geni kwetu. Kanga ambazo mama zetu wanajifunga ni kazi ya kuchapa. Kanga za mwanzo kule pwani, katika nusu ya pili ya karne ya 19, zilipigwa chapa kwa mkono, kwa vibao vya mti vilivyochongwa, juu ya kitambaa cha merekani. Na merekani hiyohiyo ndiyo iliyopandishwa bara kwa mabega ya wapagazi, ikawa kama fedha katika masoko ya Unyanyembe.

2. Picha za njia ya misafara: waliobebeshwa hawakuchonga

Mji wetu umechorwa na kuchapwa mara nyingi, tena zamani sana. Novemba 1857 Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora yetu. Kitabu cha Burton kilitoka London mwaka 1860 kikiwa na picha za vibao. Henry Stanley alitoa chake mwaka 1872, baada ya kukaa Kwihara pamoja na David Livingstone. Shajara za mwisho za Livingstone zilichapwa mwaka 1874, nazo zina picha za watu waliofungwa nira shingoni.

Picha hizo zilitengenezwaje? Msafiri alileta rasimu, au maneno matupu. Mchoraji wa London aliinyoosha rasimu ile. Kisha mafundi wa vibao waliichonga juu ya mti mgumu, kwa vyuma vidogo vyenye ncha kali. Katika magazeti ya wakati ule picha kubwa iligawanywa vipande; kila fundi alichonga kipande chake, na vipande vikaunganishwa kwa skrubu vikawa kibao kimoja. Mafundi hao walikuwa hodari kweli. Lakini hawakupata kuliona jua la Unyamwezi, wala vumbi la njia ya Ujiji, wala uso wa mpagazi.

Tuwe waadilifu: picha za namna hii ziliwahi kuitetea haki. Mchoro wa meli iliyoitwa Brookes, uliochapwa Uingereza kuanzia mwaka 1788, ulionyesha Waafrika walivyopangwa ndani ya meli kama samaki katika tenga. Ulibandikwa kutani, ukapita mkono kwa mkono, na watu ambao hawakuguswa na hotuba waliguswa na karatasi ile. Biashara ya watumwa ikapigwa marufuku na bunge la nchi hiyo mwaka 1807. Huku kwetu pia, habari na picha za misafara zilichangia kuamsha kelele zilizotangulia mkataba wa mwaka 1873, ambao ulimlazimisha Sultani Barghash kulifunga soko la watumwa la Unguja.

Hata hivyo kuna upungufu ambao hatuna budi kuutaja. Katika vitabu vile mgeni ana jina, ana uso, ana maneno yake. Mpagazi ni mgongo tu chini ya mzigo. Wanyamwezi wengi waliobeba pembe na vitambaa walikuwa watu huru waliopatana ujira wao, wakabeba frasila mbili au zaidi kwa miezi mingi. Wengine katika njia hiyohiyo walikuwa watumwa waliovutwa kwa minyororo. Hizo ni habari mbili tofauti, nazo zastahili kusimuliwa mbalimbali. Anayezitazama picha za London hawezi kuzitenganisha kwa urahisi, maana aliyezichonga hakuijua tofauti.

Tuangalie habari za Abdullah Susi na James Chuma. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo sasa ni Zambia, wao na wenzao waliubeba mwili wake mpaka Bagamoyo, wakipitia hapa Unyanyembe. Mwaka uliofuata waliitwa Uingereza, wakamsaidia Horace Waller kuzitayarisha zile shajara kwa kumweleza waliyoyaona. Mashahidi walikuwa wao. Mkono ulioshika patasi ulikuwa wa mwingine.

3. Korea: mashahidi waliojichongea

Tuvuke sasa mpaka Korea ya Kusini, kwa kuwa huko waliotendewa ndio walioichukua patasi.

Watu wa Korea ni wachongaji wa vibao tangu kale. Katika monasteri ya Kibuda ya Haeinsa vinahifadhiwa vibao zaidi ya 81,000 vya maandiko yao, vilivyochongwa katika karne ya 13 wakati nchi ilipovamiwa na Wamongolia. Vibao hivyo vipo mpaka leo. Lakini wachongaji tunaotaka kuwataja hawakufanya kazi kwa amri ya mfalme.

Mei 1980, chini ya utawala wa kijeshi wa Jenerali Chun Doo-hwan, wananchi wa mji wa Gwangju waliandamana kudai demokrasia. Jeshi liliwapiga na kuwafyatulia risasi. Kwa siku chache askari waliondoka, watu wakauongoza mji wao wenyewe. Alfajiri ya tarehe 27 jeshi likarudi na kuuteka. Kwa hesabu zilizotolewa na serikali za baadaye, raia zaidi ya 160 waliuawa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Magazeti yalikuwa chini ya udhibiti. Taifa liliambiwa kwamba ilikuwa fujo ya wahuni na wachochezi.

Huko Gwangju aliishi mchoraji kijana, Hong Sung-dam, aliyezaliwa mwaka 1955. Yeye mwenyewe alikuwamo katika siku zile. Kwa kuwa gazeti halikuweza kusema, alishika ubao. Katika miaka iliyofuata alichonga mfululizo wa picha hamsini hivi: askari na virungu vyao, majeneza, akina mama wakigawa chakula, umati uliojaa furaha siku ambazo mji ulikuwa wa wenyeji. Picha hizo ni nyeusi na nyeupe, mistari yake mipana, hazikuhitaji kiwanda. Kibao chaweza kufichwa chini ya kitanda, na nakala zikatolewa chumbani usiku.

Jambo linalotugusa zaidi sisi ni hili. Mwaka 1983 Hong na wenzake walifungua shule ya sanaa ya wananchi katika Kituo cha Kikatoliki cha Gwangju, kwa msaada wa Tume ya Haki na Amani ya jimbo kuu hilo. Waliofika hawakuwa wachoraji. Walikuwa wanafunzi, wafanyakazi, akina mama wa nyumbani. Walifundishwa kuchonga kibao na kuchapa maisha yao wenyewe. Tume kama hii yetu iliona kwamba kumpa mtu patasi ni kumpa sauti.

Wapo na wengine. Oh Yoon, aliyefariki mwaka 1986 akiwa na umri wa miaka 40, alichonga wakulima, wachuuzi na wacheza ngoma, na picha zake nyingi zilitoka juu ya majalada ya vitabu, ambako hata asiyeweza kununua picha aliziona. Lee Chul-soo alianza kwa picha za mapambano, kisha akaenda kuishi shambani, akawa anachonga punje, jembe na ukimya wa jioni. Hilo nalo lina fundisho: sanaa ya haki si ya kulia tu, humwonyesha mtu pia amani anayoitafuta.

Kazi hiyo haikuwa bila gharama. Mwaka 1989 Hong alikamatwa chini ya sheria ya usalama wa taifa, kwa sababu ya picha za mchoro mkubwa wa ukutani zilizopelekwa Korea ya Kaskazini, akateswa na kufungwa. Lakini kweli haikufungwa. Mwaka 1996 Chun alihukumiwa mahakamani, ingawa alisamehewa mwaka uliofuata. Mwaka 1997 tarehe 18 Mei ilifanywa siku ya kumbukumbu ya taifa, na mwaka 2011 UNESCO iliziingiza nyaraka za Gwangju katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Hatusemi kwamba vibao peke yake vilileta hayo. Twasema kwamba wakati wa giza vibao vilishika kumbukumbu, mpaka palipokucha.

4. Kwetu Afrika na Tanzania

Kusini mwa bara letu, Kanisa la Kilutheri lilianzisha kituo cha sanaa na ufundi mwaka 1962, kikaja kukaa Rorke's Drift, Afrika ya Kusini. Huko alijifunza John Muafangejo wa Namibia, aliyechonga katika mpira wa sakafu habari za watu wake, za maaskofu waliofukuzwa na ndugu waliotenganishwa na vita. Alifariki mwaka 1987, kabla nchi yake haijapata uhuru. Ili tujue jinsi wakubwa wanavyoogopa wino, tukumbuke kwamba kiwanda cha kuchapa cha Walutheri huko Oniipa, kaskazini mwa Namibia, kililipuliwa mwaka 1973. Kikajengwa upya, kikalipuliwa tena mwaka 1980.

Hapa Tanzania, mwaka 1972 Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll pamoja na vijana wachoraji walianzisha Nyumba ya Sanaa mjini Dar es Salaam. Vijana waliokosa kazi na waliokosa shule walijifunza kuchonga, kutia rangi vitambaa, na kuchapa picha kwa bamba lililoliwa na tindikali. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alilifungua jengo lao. Humo walitokea mabingwa kama Robino Ntila na George Lilanga. Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934 wilayani Masasi, huelezwa kuwa aliingia pale kwanza kama mlinzi. Aliwaleta mashetani wa vinyago vya Kimakonde katika karatasi, wakicheka, wakichota maji, wakigombana kama majirani. Alifariki mwaka 2005 akiwa anajulikana katika nchi nyingi. Mlinzi wa lango akawa mwalimu wa dunia, kwa sababu mtu mmoja alimpa nafasi na vyombo.

Na Tabora? Nje kidogo ya mji wetu, Kipalapala, palikuwa na kiwanda cha Tanganyika Mission Press, ambacho kilichapa vitabu vya Kiswahili vilivyosomwa nchi nzima, na gazeti la Kiongozi lililoanza mwaka 1950. Basi mji huu umekwisha kuwa mji wa wino. Kilichobaki ni kuwa mji wa picha zake wenyewe.

5. Haki ya mchongaji mwenyewe

Haiwezekani kuhubiri haki kwa picha iliyopatikana kwa dhuluma. Kwa kuwa nakala ni nyingi, kudanganya ni rahisi: mwenye duka huchukua kibao na kuchapa nyuma ya mgongo wa fundi, mwingine huiga na kuweka sahihi isiyo yake. Ndiyo maana wachapaji wa picha wana desturi njema. Huamua tangu mwanzo idadi ya nakala, tuseme thelathini, kisha huandika kwa penseli chini ya kila karatasi: 1/30, 2/30, na kuendelea, pamoja na sahihi. Zikitimia, kibao hukwaruzwa ili kisichapwe tena. Mnunuzi hujua alichonunua, na fundi hujua alichouza.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Hakimiliki Na. 7 ya mwaka 1999 inalinda kazi za sanaa, ikiwa ni pamoja na picha za kuchapwa. Iliweka ulinzi huo katika maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Mjane wa mchongaji na watoto wake wanayo haki. Viongozi wa jumuiya mjue hilo, mpate kuwashauri.

6. Sisi wa Isevya tufanye nini?

Kuna atakayesema: siku hizi kila kijana ana simu, hupiga picha na kuisambaza kabla hujapepesa macho, patasi ya nini? Ndugu zetu, simu ina kazi yake, wala hatuipingi. Lakini picha inayokuja upesi huondoka upesi, na siku hizi hata picha ya mtu ambaye hakuwapo hutengenezwa. Kibao huchukua siku nyingi. Katika siku hizo mchongaji huuliza, husikiliza na kupima. Si kwamba kibao hakiwezi kusema uongo. Tumeona kwamba chaweza. Kwa hiyo tunapendekeza kanuni tatu.

Kwanza, achonge yule aliyekuwapo, au yule aliyekaa chini akamsikiliza aliyekuwapo. Hapa kwetu tunao bibi waliotiliwa shaka ya uchawi kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Tunao ndugu wenye ualbino ambao wameishi kwa hofu ya kukatwa viungo. Tunao watoto wanaochuma tumbaku wakati wenzao wako darasani. Habari zao zisichongwe bila wao.

Pili, tusimdhuru tunayemtetea. Picha iliyokwisha kutawanyika haikusanyiki. Uso wa aliyeumizwa usionyeshwe bila ridhaa yake, na habari za utumwa zisimnyooshee kidole mtu yeyote au ukoo wowote. Aibu ya utumwa si ya aliyefungwa; ni ya aliyefunga.

Tatu, tuanze na tulicho nacho. Mafundi seremala wa hapa wana patasi, na mabaki ya plaiwudi hutupwa kila siku. Wino, rola moja na karatasi vyaweza kununuliwa kwa mchango mdogo wa jumuiya. Vijana kumi wakae na wazee watatu wanaokumbuka masimulizi ya wapagazi. Mwaka 2006 serikali yetu iliiweka njia hii ya misafara, kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji kwa kupitia Kwihara, katika orodha ya awali ya urithi wa dunia inayowasilishwa UNESCO. Wageni wanaokuja Kwihara huonyeshwa habari za Livingstone na Stanley. Wanastahili kuonyeshwa pia picha iliyochongwa na mjukuu wa mpagazi, yenye sahihi yake na namba yake.

Babu zetu waliubeba mzigo wa njia hii, na wengine wakauchora. Hatuwezi kuzirudisha siku zile. Tunaweza kuamua kwamba picha itakayofuata itatoka katika mikono ya watu wa hapa. 

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Ni habari gani ya haki au ya dhuluma katika mtaa wetu ambayo haijasimuliwa na waliotendewa?
2. Ni nani kati ya wazee wetu anayekumbuka masimulizi ya wapagazi na misafara? Tutamfikiaje mapema?
3. Tukiichonga habari ya mtu aliyeumizwa, tutahakikishaje kwamba hadhi yake inalindwa?
4. Je, mafundi na wasanii wa jumuiya yetu wanalipwa kwa haki? Tukiwanunulia kazi zao, tunawapa kinachowastahili?